Wanyama Kumi na Wawili Pembeni mwa Bahasha

Mwaka 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei nchini China, lilifukuliwa kaburi la karani wa dola ya Qin aliyezikwa yapata mwaka 217 kabla ya Kristo. Alizikwa na maandiko ya kazi yake, vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi, na miongoni mwavyo mlikuwa na vitabu vya kuagulia siku njema na siku mbaya. Kimojawapo kilieleza jinsi ya kumtambua mwizi kwa mnyama wa siku aliyoibia: kila siku katika mzunguko wa siku kumi na mbili ilikuwa na mnyama wake, na mwizi alidhaniwa kufanana naye sura. Orodha hiyo inatofautiana kidogo na ya leo. Ilipofika karne ya kwanza baada ya Kristo, mwanafalsafa Wang Chong aliandika juu ya wanyama hao karibu kama wanavyojulikana sasa: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, tumbili, jogoo, mbwa na nguruwe.

Msomaji wa pwani yetu hapati taabu kuielewa kalenda inayowabeba wanyama hao. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi pekee, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Nairuzi ya wazee hufuata jua. Wachina waliunganisha vyote viwili. Miezi huandama, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi wa kumi na tatu, mara saba katika miaka kumi na tisa, ili mwaka mpya ubaki kati ya mwisho wa Januari na Februari. Kila mwaka mpya hupewa mnyama wake, na baada ya miaka kumi na miwili zamu hurudi kwa yule wa kwanza. Kwa kalenda hiyo watu walipanda mpunga, wakaoza mabinti na kuhesabu umri. Haikuhitaji stempu, wala kwa karne nyingi stempu haikuwako.

Stempu ya kwanza ya kubandikwa ilianza kutumika Uingereza tarehe 6 Mei 1840. China ilitoa yake mwaka 1878, chini ya Idara ya Forodha ya Kifalme iliyoongozwa na Robert Hart, na picha iliyochaguliwa ilikuwa joka. Wakusanyaji wapya wengi humdhani kuwa joka wa mzunguko wa miaka. Sivyo. Mwaka 1878 ulikuwa wa chui milia. Joka yule alikuwa nembo ya ufalme wa Qing, alama ya kiti na si ya kalenda. Tangu mwanzo, basi, stempu ilitumika kutangaza mamlaka. Mnyama wa mwaka alikuwa wa jikoni, wa mlangoni na wa karatasi nyekundu ya kubandika ukutani, na mamlaka haikuona sababu ya kumtangaza.

Baadaye mamlaka haikumpuuza tu, ilimwona kuwa kikwazo. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 1 Januari 1912, Sun Yat-sen aliiweka nchi kwenye kalenda ya Magharibi. Mwaka 1914 serikali ya Yuan Shikai iliukubali mwaka mpya wa zamani, lakini kwa jina jingine, Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, ili neno mwaka mpya libaki kwa Januari. Serikali ya Nanjing ikazidisha ukali mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikijaribu hata kuipiga marufuku sikukuu yenyewe. Wafanyabiashara walifunga maduka yao siku zile zile za babu zao. Wakomunisti waliposhika nchi mwaka 1949 waliirudisha likizo, ila stempu zao zilikuwa za wafanyakazi, viwanda na mashujaa. Mwaka 1959 zilitoka stempu za sanaa ya kukata karatasi, ile ya kupamba madirisha wakati wa sikukuu. Ulikuwa mlango uliofunguliwa nusu, na haukupita mnyama yeyote wa mwaka.

Aliyempokea mnyama wa kwanza alikuwa Japani, nchi iliyoiacha kalenda ya mwezi tangu mwaka 1873. Wajapani walihamishia sikukuu yao Januari, wakawahamisha na wanyama. Desemba 1935 posta yao ilitoa stempu ya mwaka mpya yenye mlima Fuji, kwa ajili ya kadi ambazo kila nyumba hutuma kusalimu jamaa na jirani. Vita vikaukatiza utaratibu huo. Mwaka 1950, katika nchi iliyokuwa ikijijenga upya baada ya kushindwa, ilitoka stempu ya chui milia kutokana na mchoro wa Maruyama Okyo, mchoraji wa karne ya 18. Ndiyo inayohesabiwa kuwa stempu ya kwanza duniani ya mnyama wa mwaka. Stempu hiyo ilichapishwa pia tano tano kwenye karatasi ndogo, na karatasi hizo zikawa zawadi katika bahati nasibu ya kadi za mwaka mpya. Katika miaka iliyofuata Wajapani walipenda kuchapa vinyago vya kienyeji vya watoto vyenye umbo la mnyama wa mwaka.

Kisha wanyama wakaingia mmoja mmoja pembezoni mwa China. Korea Kusini ilianza stempu zake za mwaka mpya mwishoni mwa 1957, kwa ajili ya mwaka wa mbwa. Tarehe 17 Januari 1967, Hong Kong iliyokuwa chini ya Uingereza ilitoa stempu za mbuzi, zikiwa na picha ya Malkia juu ya alama za Kichina. Tarehe hiyo inastahili kutuliwa macho. Mwezi huo huo, ng'ambo ya mpaka, serikali ya Beijing ilitangaza kwamba hakutakuwa na likizo ya sikukuu ya mwaka mpya, kwa kuwa mapinduzi yalidai kazi. Mwaka 1968 Taiwan nayo ilitoa jogoo. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, Mchina aliyetaka kumwona mnyama wa mwaka wake juu ya bahasha alimwona Hong Kong au Taipei, na bara alikozaliwa mnyama huyo hakumwona kabisa.

Hali ya wakusanyaji wa bara ilikuwa ngumu kuliko ya wanyama. Jarida lao, Jiyou, lililoanzishwa 1955, lilinyamaza mwaka 1966. Kukusanya stempu kuliitwa tabia ya mabepari, na albamu zilichomwa au zikafichwa na wenyewe. Mtu aliyeokoa albamu yake wakati huo aliokoa kumbukumbu ambayo ofisi nyingi hazikuthubutu kuihifadhi, na kwangu hao ndio walinzi wa historia hii, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1978, China ilipoingia katika mageuzi ya uchumi. Mbunifu wa stempu Shao Bolin alimwendea Huang Yongyu, mchoraji aliyezaliwa 1924 na aliyeaibishwa hadharani miaka michache kabla kwa sababu ya mchoro wa bundi aliyefumba jicho moja, uliosomwa kuwa kejeli kwa utawala. Aliombwa achore tumbili. Huang alikuwa amefuga tumbili ambaye alikuwa amekufa, na kwa maelezo yake mwenyewe alimchora kwa kumkumbuka. Jiang Weijie akakichonga kibao cha chuma unywele kwa unywele. Stempu ikachapwa kwa kuunganisha uchongaji na uchapaji wa rangi, hata manyoya meusi ya mnyama yakainuka juu ya wekundu na kidole kikayahisi. Ilitolewa tarehe 15 Februari 1980, mkesha wa mwaka mpya, kwa bei ya feni 8, nauli ya barua ya kawaida. Karatasi nzima ilikuwa na stempu 80. Idadi halisi iliyochapwa inabishaniwa hadi leo, lakini wote wanakubali kwamba ilikuwa ndogo kwa nchi ya watu karibu bilioni moja, na nyingi zilibandikwa barua, zikapigwa mhuri na kutupwa.

Stempu ya mwaka 1878 ilikuwa imebeba joka wa mfalme. Hii ya 1980 ilimbeba tumbili aliyekuwa amefugwa nyumbani mwa mtu. Dola iliyoitangua likizo miaka kumi na mitatu nyuma sasa iliweka muhuri wake kwenye kalenda ya bibi na babu. Mwaka ule ule Jiyou likaanza kutoka tena, na Januari 1982 wakusanyaji wakapata shirikisho lao la taifa. Mzunguko wa kwanza ulikamilika 1991, wa pili ukaanza 1992, na ukawa umekwisha zoeleka kama kupika vyakula vya mkesha.

Kwa bahati mbaya fedha nayo ilizoea. Katika miaka ya 1990 bustani ya Yuetan mjini Beijing ilijaa wachuuzi. Watu wasiojua albamu wala kibanio walinunua karatasi nzima nzima kama hisa. Mwaka 1997 bei zilipanda kupita kiasi kisha zikaporomoka, na wengi wakapoteza akiba. Karatasi ya tumbili 80, iliyouzwa posta kwa yuan 6 na feni 40, ilikuja kupigwa mnada kwa zaidi ya yuan milioni moja. Sioni ubaya wa mtu kufaidika, ila najua kwamba aliyeifunga stempu hiyo katika sanduku la benki hajawahi kuyagusa manyoya yale. Afadhali zilizokuja kando yake: stempu za Sikukuu ya Majira ya Kuchipua mwaka 2000, za mashindano ya mitumbwi ya joka 2001, za sikukuu ya mwezi wa vuli 2002 na za siku ya wazee 2003. Hazikuwatajirisha watu, na kwa sababu hiyo zimebaki mikononi mwa wanaozipenda.

Ng'ambo ya bahari, stempu za mnyama wa mwaka zilikuwa madai ya haki. Wachina ndio waliochimba sehemu ngumu kabisa ya reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani mwaka 1869, na mwaka 1882 sheria ikawafungia wenzao mlango, isifutwe hadi 1943. Baada ya shirika la Wamarekani wenye asili ya China kudai kwa miaka kadhaa, posta ya nchi hiyo ilitoa stempu ya jogoo tarehe 30 Desemba 1992, iliyobuniwa na Clarence Lee wa Hawaii, kwa senti 29. Kanada ilifuata mwaka 1997 kwa ng'ombe. Vietnam nayo huweka paka pale China inapoweka sungura, na mkusanyaji makini humpa ukurasa wake.

Kwetu Afrika, wanyama hao waliingia kwa mlango wa biashara. Katika miaka ya 1990 Uganda, Tanzania, Ghana na Gambia zilitoa stempu za miaka ya Kichina kupitia mawakala wa nje, na soko lake lilikuwa Asia na Marekani. Ni nadra kuikuta moja juu ya barua iliyotoka Mbale au Mwanza. Nazihuzunikia stempu hizo. Zina majina ya nchi zetu na hazijui mhuri wa posta zetu.

Leo stempu mpya ya mnyama wa mwaka hutoka China kila Januari, na wazee na vijana hupanga foleni alfajiri, ingawa wengi wao hawana barua ya kutuma. Huang alichora tena tumbili mwaka 2016, mzunguko wa nne ulipoanza. Kwa ajili ya mwaka 2023, akiwa na miaka 98, alichora sungura wa buluu mwenye macho mekundu, akishika kalamu na karatasi. Baadhi ya watu walimwita sungura wa kutisha, lakini stempu ziliuzwa zikaisha. Alifariki Juni mwaka huo huo. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza Sikukuu ya Majira ya Kuchipua katika orodha ya urithi wa binadamu, na mwaka 2028 zamu ya tumbili itarudi kwa mara ya tano, achorwe na mkono mwingine.