Wajerumani wa Ukambani na Riwaya Inayongojewa: Historia, Ubunifu na Biashara ya Vitabu

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, historia ya Wajerumani imezoeleka kuhesabiwa kuwa mali ya Tanganyika. Sababu zake ni wazi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wake juu ya Maji Maji, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akachapisha Kinjeketile, tamthilia iliyowafanya wasomaji wa Afrika Mashariki nzima wazione habari za 1905 kama suala la kifalsafa na si la tarehe tu. Kwa upande wa Kenya hudhaniwa kwamba hapakuwa na Mjerumani wa kuandikwa. Dhana hiyo si sahihi, na mahali pa kuipimia ni Kitui na Makueni.

Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, alifika Kitui mara ya kwanza mwishoni mwa 1849. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ya pembe ilijulikana hadi pwani. Ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ndipo Krapf alipouona mlima Kenya. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara ulivamiwa njiani na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake nyikani, akafika mtoni, akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, kisha akaanza safari ya kurudi akitembea usiku. Alipofika kwa jamaa za marehemu hakupokewa kama mtu aliyenusurika. Alikutana na watu wenye msiba waliomwona kuwa na lawama katika kifo cha mkuu wao, akahofia maisha yake, akatoroka tena.

Mtunzi wa riwaya angetaka nini zaidi? Pana mgeni, pana mwenyeji, pana kifo, na pana swali la uwajibikaji lisilojibika kwa urahisi: je, mgeni anayekula chakula cha mtu hudaiwa nini mwenyeji wake anapouawa? Lakini masimulizi haya yote yametufikia kwa kalamu ya upande mmoja. Krapf aliyaandika kwa Kijerumani, yakachapishwa Ujerumani katika juzuu mbili mwaka 1858. Toleo la Kiingereza la London, 1860, lilikuwa limefupishwa. Kivoi, ambaye ndiye aliyekuwa na watu, mali na ujuzi wa njia, anaonekana humo kwa kiasi alichomhusu mgeni wake. Historia kama taaluma haiwezi kuyaziba mapengo hayo kwa kukisia. Riwaya inaweza, na hapo ndipo tofauti ya fani hizi mbili inapokuwa na maana kwa jamii.

Habari haziishii kwa Krapf. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Kilutheri kutoka Bavaria, ambao baadaye waliungana na misheni ya Leipzig, walijenga kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, na baadaye Mulango. Mmoja wao, Ernst Brutzer, alitoa kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kikamba mwaka 1906. Upande wa Makueni palikuwa na jirani wa asili nyingine: Africa Inland Mission, iliyoanzia Nzaui mwaka 1895. (Makueni wakati huo haikuwa na jina la kiutawala, ilitengwa na Machakos kuwa wilaya mwaka 1992, jambo ambalo mtafiti wa nyaraka hana budi kulikumbuka.) Vita vilipozuka mwaka 1914, Mjerumani aliyekuwa mwalimu akageuka adui wa serikali kwa siku moja. Vituo vya Kilutheri hatimaye vikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Wakati huohuo Wakamba walichukuliwa kwa wingi kuwa askari wa King's African Rifles na wapagazi wa karia koo, wakapelekwa kupigana na jeshi la Wajerumani ng'ambo ya mpaka. Mtu mmoja aliweza kufundishwa kusoma na Mjerumani na kisha kubebeshwa risasi za kumuulia Mjerumani.

Kwa nini basi mada hii haikuwa na Kinjeketile yake? Jibu la kawaida ni kwamba Ukambani hapakuwa na vita kama Maji Maji. Jibu hilo halitoshi. Kinjeketile haikuzaliwa na vita peke yake. Ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati ambapo wanafunzi na walimu wa historia, akiwamo Gilbert Gwassa, walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee, wakati ambapo taifa lilihitaji asili ya umoja wake, na wakati ambapo Oxford University Press ilikuwa tayari kuichapisha. Utafiti, haja ya kisiasa na mchapishaji vilikutana. Kitui havikukutana.

Ni muhimu kuufuata mkondo wa uchapishaji wenyewe. Kitabu cha kwanza cha Kikamba, tafsiri ya Injili ya Marko, kilichapishwa Tübingen mwaka 1850: lugha ya Kitui ilipata chapa Ujerumani kabla ya kuipata Afrika. Kwa karibu karne moja mchapishaji alikuwa misheni. Kisha ikaja East African Literature Bureau mwaka 1948. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 katika mazingira yaliyoanzishwa na watu wa Leipzig, alitoa Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954. Baada ya uhuru East African Publishing House ilimchapisha John Ndeti Somba, Kuishi Kwingi ni Kuona Mengi, mwaka 1968. Mlango ulikuwa umefunguka.

Aliyejaribu kuupanua kwa nguvu zake mwenyewe ni David Maillu wa Kilungu, Makueni. Alianzisha Comb Books mapema katika miaka ya 1970, akauza vijitabu vya bei nafuu kwa msomaji wa mjini ambaye wachapishaji wakubwa hawakumjali. Wahakiki walimdharau, Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976, kampuni ikaanguka. Hata hivyo ni Maillu huyohuyo aliyetoa Broken Drum mwaka 1991, riwaya yenye zaidi ya kurasa elfu moja inayosimulia vizazi vya Wakamba. Iliandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kitabu cha ukubwa huo hakingepata mchapishaji, maana tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kuwa somo la lazima la mtihani, soko la riwaya limekuwa darasa. Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri ni riwaya zenye uzito wake, lakini umbo lake linakubaliana na muhula wa shule. Tangu 2018, serikali iliponunua yenyewe vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni, mchapishaji aliyekosa zabuni hana ziada ya kujaribia kitabu kisichotahiniwa.

Hili halimaanishi kwamba mtunzi ameshindwa kutazama nje. Kyallo Wadi Wamitila, aliyepata shahada ya uzamivu Bayreuth, alimpeleka mhusika wake hadi mabara ya mbali katika Bina-Adamu! ya 2002. Lakini Ujerumani wa Ikutha ni jambo jingine. Hauhitaji safari ya kiistiari bali barua, orodha za wanafunzi na daftari za ubatizo. Kumbukumbu za misheni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, katika taasisi ya Francke, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono, kwa hati ya Kijerumani ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo hujifunza kuisoma. Mtunzi wa Kitui anayezitaka hana budi kujilipia nauli, mkalimani na miaka miwili au mitatu ya kazi, kabla ya kumpelekea mswada mhariri ambaye swali lake la kwanza litakuwa ni kidato gani kitakachousoma.