Matundu Yasiyoonekana

Kwa karibu miaka 1,400, madaktari waliamini kuna matundu ndani ya moyo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

Chanzo ni Galen, Mgiriki wa karne ya 2 aliyetibu wapiganaji wa Pergamon kabla ya kuhamia Roma. Alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, vena zinaisambaza, mwili unaitumia, inaisha. Damu kidogo eti ilipenya ukuta unaogawanya moyo, kupitia matundu madogo mno. Lakini tusimcheke. Wakati wengine walisema ateri zimejaa hewa, ni yeye aliyeonyesha zina damu. Jina lake likawa zito hadi kumpinga ikawa kama utovu wa adabu.

Mwaka 1242, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alimpinga waziwazi: ukuta huo ni mgumu, hauna tundu lolote. Kwa hivyo damu lazima izunguke kupitia mapafu ndipo ifike upande wa kushoto. Alikuwa sahihi. Ila ulimwengu wa leo ulikuja kumkumbuka mwaka 1924, daktari Mmisri alipokuta nakala ya maandishi yake Berlin.

Huko Uingereza, William Harvey naye alianza na hesabu. Moyo hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa nusu saa. Hata ukikadiria kila pigo linatoa damu kidogo sana, jumla yake inapita damu yote iliyo mwilini. Sasa ni chakula gani hicho kingetengeneza damu nyingi hivyo? Jibu lilikuwa moja: ni damu ileile, inarudi.

Alichapisha hoja hiyo mwaka 1628, pamoja na jaribio unaloweza kufanya sasa hivi. Ning'iniza mkono hadi vena zitokeze. Bonyeza vena moja kwa kidole, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kwenye kiwiko. Kipande hicho kitabaki bapa mpaka uachilie kidole cha kwanza. Ndani kuna vali, kama milango inayofunguka upande mmoja tu, kuelekea moyoni.

Harvey pia alikuwa na pengo. Damu inatoka kwa ateri, inarudi kwa vena, lakini inavuka wapi? Alisema lazima kuna njia, ingawa hakuiona. Alifariki 1657. Mwaka 1661, Marcello Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini, na hizo hapo: kapilari. Kuta zake ni nyembamba, unene wa seli moja, ndiyo maana oksijeni inapenya. Ateri nazo zina kuta nene kwa sababu zinabeba presha ya pigo la moyo.

Kumbe Galen na Harvey wote waliamini kitu wasichokiona. Tofauti ni kwamba matundu ya Galen yalihitajika ili nadharia yake isianguke. Njia za Harvey zililazimishwa na hesabu, na mtu yeyote mwenye mkono angeweza kumkagua. Ukiambiwa leo kuna kitu kisichoonekana, uliza unaweza kukihesabu wapi, na kukijaribu vipi.