Gurudumu la Mfinyanzi na Chungu chenye Kifuniko

Siku moja shuleni hapa Heru Juu tulisoma habari za nabii Yeremia kushuka nyumbani kwa mfinyanzi. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona bibi zetu hufinyanga vyungu bila gurudumu? Je, hawakuwa na akili ya kulibuni?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali hilo nililiuliza mwenyewe utotoni, wala sikupata jibu. Basi nimelitafuta jibu katika historia, nami naliweka mbele ya wasomaji.

Gurudumu la mfinyanzi lilianza katika Iraki ya kale zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wamisri nao walilipata, wakalistahi sana, hata wakasema kwamba mungu wao Khnum alimfinyanga mwanadamu juu yake. Kazi yake ni hii: donge la udongo laini huwekwa katikati ya kibao kinachozungushwa upesi kwa mguu au kwa mkono, na vidole vya mfinyanzi hupandisha ukuta wa chombo. Fundi aliyezoea hutoa vyombo vingi kwa muda mfupi, tena vyote sawasawa.

Haifai kudhani kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakuona vyombo vya namna hiyo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa, akakuta vigae vya vyombo vya gurudumu vilivyoletwa kwa majahazi, vingine vya Uajemi, vingine vya China. Vigae hivyo vilichanganyika na vigae vingi zaidi vya vyungu vya wenyeji, vilivyofinyangwa kwa mkono. Karne nyingi watu wa pwani walinunua bakuli za wageni, na huku wakapika katika vyungu vyao wenyewe. Upande wetu nako, mto Ruchugi ushukapo kutoka Buha hata Uvinza, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Sutton na Roberts walichimba huko mwaka 1967, wakaona kwamba kazi ya chumvi ilikuwapo tangu karne ya 5 au ya 6. Wapika chumvi walihitaji vyungu daima, navyo vilifinyangwa kwa mkono.

Kwa nini basi? Sababu kubwa ni moto. Chungu cha kupikia hukaa juu ya mafiga, ndimi za moto zikikipiga ghafula. Udongo uliochanganywa na mchanga au vigae vilivyotwangwa huvumilia jambo hilo; udongo laini mtupu hupasuka. Lakini mchanga huo huchubua vidole juu ya gurudumu. Tena gurudumu lataka karakana ya kudumu, tanuri, na wanunuzi wengi kila siku. Mfinyanzi wetu ni mkulima. Hufinyanga apatapo nafasi baada ya shamba, na vyombo vyake vya kazi ni kigae, kipande cha kibuyu na kijiwe cha kung'arishia. Vyungu vyake huchomwa kwa kuni na majani mahali pa wazi. Gurudumu halikukosekana kwa ujinga. Kazi yake haikulihitaji.

Hata hivyo tusijidanganye. Liko jambo moja ambalo gurudumu hulifundisha kwa ukali, nalo ni kifuniko. Mkungu wa kufunikia chungu cha zamani haukuhitaji kulingana nacho barabara, ilitosha kufunika. Kifuniko cha gurudumu chapaswa kukaa ndani ya ukingo uliotengenezwa kwa ajili yake. Na udongo hunywea ukaushwapo na kuchomwa, pengine sehemu moja katika kumi. Asiyepima vyote viwili vikiwa vibichi hupoteza kazi yake. Nilipojifunza kwa fundi mmoja, vifuniko vyangu vya kwanza vilitumbukia ndani, na vingine vilikaa juu kama kofia ya mtoto kichwani pa mtu mzima. Fundi akaniambia, "Mwalimu, chungu na kifuniko chake vikaushe pamoja, uvichome pamoja, vipate kunywea pamoja."

Mfano mwema wa kujifunza kazi hii watoka Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew alianzisha chuo cha ufinyanzi katika mji wa Abuja ya zamani, uitwao sasa Suleja. Walifinyanga kwa gurudumu birika na mitungi yenye vifuniko, wakaichoma katika tanuri lenye moto wa zaidi ya digrii 1,200. Mwaka 1954 aliingia Ladi Kwali, mwanamke wa kwanza chuoni humo, naye alikuwa tayari mfinyanzi mashuhuri wa vyungu vya mkono. Alijifunza gurudumu akaliweza. Lakini vyombo vilivyomletea sifa kuu ni mitungi aliyoijenga kwa mkono kama alivyofundishwa kwao, akaichora mijusi na nyoka. Leo sura yake imo katika noti ya naira 20. Naye Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja katika miaka ya 1970 akajifunza kwa wanawake hao. Alisoma pia Uingereza. Hata hivyo vyombo vinavyomtangaza ulimwenguni huvijenga kwa mkono.

Ndugu wasomaji, wafinyanzi wetu wamedharauliwa muda mrefu. Kwa jirani zetu wa Burundi na Rwanda, Watwa waliouza vyungu walinyimwa hata kula chombo kimoja na wenzao. Kisha sufuria za alumini zikawaondolea wanunuzi. Methali yasema, Mfinyanzi hulia gaeni. Nasi tumezidi, twamcheka na gae lake. Siku bibi wa mwisho atakapozikwa, nani atajua bonde lipi lina udongo mwema, na mchanga kiasi gani wautosha?

Kwa hiyo nilimjibu yule mtoto hivi: gurudumu tujifunze, kwa kuwa lafundisha kipimo. Lakini kwanza nenda kwa bibi yako, umwombe akuonyeshe udongo.