Ritifaa ya Wanging'ombe

Ritifaa ni kile kialama kinachokaa kati ya g na o katika jina la wilaya ya Wanging'ombe. Kwa msomaji ni alama ya sauti: ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni wivu. Kwa kompyuta za Unix ni habari nyingine kabisa.

Mashine za kampuni ya Sun, zilizotumia Unix, zilikuwa na amri iitwayo eeprom, ya kubadili mipangilio ya programu dhibiti, ile inayoamka kabla ya mfumo wenyewe. Kipengele cha oem-banner hushika maneno yanayotokea mashine ikiwashwa. Sasa andika eeprom oem-banner=Wanging'ombe, ubonyeze Enter. Hakuna kosa linalotajwa, wala hakuna kinachobadilika. Inatokea alama ya > tu, kompyuta inangoja. Imedhani ritifaa inafungua nukuu, inataka ya kuifunga.

Wapo wanaoifuta wakaandika Wangingombe. Nawasihi waiache, maana hilo si jina la wilaya hiyo. Bonyeza Control na C kwa pamoja, kisha urudie amri ukilizungushia jina alama za nukuu pacha: "Wanging'ombe". Halafu weka 'oem-banner?=true', nayo ndani ya nukuu, kwani hata alama ya kuuliza ina kazi yake katika amri za Unix.