Mapovu ya Korogwe: boha, shampeni na kodi ya Kaisari

Mwaka 1902 yalitokea mambo mawili ambayo leo nataka kuyaweka meza moja. La kwanza, reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe. La pili, kule Berlin serikali ya Kaisari Wilhelm II iliweka kodi ya pfennig 50 kwa kila chupa ya Sekt, yaani mvinyo wa mapovu wa Kijerumani, ili kuchangia manowari zake. Nyingi za manowari zile zilizamishwa 1919. Kodi ilifutwa 1933, ikarudishwa 1939, na mpaka leo Mjerumani anayefungua chupa usiku wa mwaka mpya anailipa, kama euro moja hivi kwa chupa. Serikali ikishaonja kodi haiitemi, wadau.

Sasa Sekt na Korogwe wapi na wapi? Ni kwamba reli ile ilipofika, ilikuta watu wana kinywaji chao cha mapovu. Wasambaa na majirani zao wanakiita boha, pombe ya miwa. Muwa humenywa, hupondwa na kukamuliwa, maji yake huachwa yachachuke. Chachu hula sukari, hutoa kilevi na hewa ya kaboni, na boha hunywewa kazi hiyo ikiwa bado inaendelea. Ndiyo maana inachemka bila moto na inauma ulimi. Ndiyo maana pia haisafiri. Ukiifunga kwenye dumu na kulikaza, usilaumu mtu. Upande wa Handeni, ambako nchi ni kavu zaidi, muwa unataka bonde lenye maji, kwa hiyo huko nafaka ndiyo ina nafasi kubwa kwenye pombe.

Shampeni nayo ilianza hivyo hivyo, kwa kukosa subira. Jimbo la Champagne liko kaskazini mwa Ufaransa, kwenye baridi. Zabibu za huko huiva kwa shida na kubaki na uchachu. Majira ya baridi yalikuwa yanailaza chachu kabla haijamaliza kazi, joto likirudi inaamka, chupa zinapasuka ghalani. Kwa muda mrefu watengenezaji waliyahesabu mapovu yale kuwa kasoro. Ni Waingereza walioyapenda. Mwaka 1662 Christopher Merret aliwaeleza wenzake wa Royal Society mjini London kwamba wauza mvinyo wanatia sukari na molasi ili mvinyo uchangamke.

Soma tena hapo: sukari na molasi. Karne ile sukari ya Waingereza ilikuwa inatoka Barbados na visiwa jirani, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa hiyo muwa uko pande zote mbili za hadithi hii. Tofauti ni kwamba mmoja ulipata chupa nene, kizibo na waya, mwingine ukabaki kwenye mtungi.

Tukija kwenye chakula, wataalamu wa mvinyo watakwambia mapovu na uchachu husafisha mdomo, kwa hiyo shampeni inaenda na vitu vya chumvi, mafuta na vya kukaanga. Sasa nani ana vya kukaanga kuliko sisi? Chukua muhogo wa kukaanga wenye chumvi na pilipili, au perege wa Mto Pangani aliyekaushwa kwenye mafuta mpaka mifupa inatafunika. Nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta yake pia inakubali. Bada, ugali wa muhogo, mimi nisingeiweka hapo, inataka mchuzi. Na kwa vyakula vitamu, kama keki za harusi tunazolishana huku tumeshika shampeni kavu, hapo tumeiga vibaya. Kinywaji kikavu kikikutana na keki tamu kinageuka ndimu mdomoni.

Boha haikufa kwa ladha. Uislamu una nguvu sana Handeni na Korogwe, na hilo halina ubishi. Mashamba ya mkonge nayo yalileta manamba kutoka mbali, kila mtu na pombe ya kwao, wengine wakiwa wameacha ulanzi unaochemka vile vile. Halafu kuna sheria. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka pombe za kienyeji kwenye fungu lake, mbali na bia na mvinyo. Sikatai, afya ni muhimu na pombe iliyopikwa vibaya inaua. Lakini fungu lile liliingia vichwani mwetu pia. Kijana wa mjini mwenye shahada yake anajua kutamka brut, ila ukimtajia boha anacheka, na bibi yake wa Magoma aliipika.

Mzee aliyejua muwa upi unafaa, na saa ngapi ya kuionja kabla haijawa siki, hajaandikwa popote. Sisi wenye kalamu tulikuwa bize na uzinduzi wa hoteli. Mashine za kukamua miwa bado zipo, zimejaa Dar na Zanzibar, glasi moja na ndimu na tangawizi. Hiyo ni boha ya siku ya kwanza.