Joto la Makka, Ukuta wa Utumbo na Vidonge vya Biharusi

Kaskazi ikishapamba moto na harusi zikafuatana, maswali huwa yaleyale: tunywe nini ili fukuto lisituvuruge tumbo? Siku hizi swali limeongezewa mkia. Biharusi anauziwa vidonge vya flavonoidi, anaambiwa ni mimea tu, avimeze atakuwa salama. Tuangalie basi vitu hivi vimetoka wapi.

Vilianza kama rangi. Jina lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya njano. Katika karne ya 18 Edward Bancroft aliwaonesha watia rangi wa Uingereza gome la mwaloni mweusi wa Amerika Kaskazini, linalotoa njano nzuri kwenye nguo, na flavonoidi ijulikanayo zaidi leo, kwasetini, imepata jina lake kwenye mwaloni. (Mtu asichanganye: rangi ya hina yetu ni ya kitu kingine, na manjano ya singo vilevile si wa kabila hili.)

Vikaingia kwenye utabibu kwa mlango wa Hungary. Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa mji wa Szeged aliyepata Nobel mwaka 1937, alikuwa amechuja vitamini C kutoka kwenye pilipili za paprika. Kulikuwa na mgonjwa mwenye mishipa midogo inayovuja damu chini ya ngozi. Vitamini C isiyosafishwa sana ilimsaidia, iliyosafishwa haikumsaidia. Kwa hiyo kilichofanya kazi kilikuwa ndani ya yale “machafu”, nayo yalikuwa flavonoidi. Mwaka 1936 yeye na mwenzake István Rusznyák wakaliita jambo hilo vitamini P. Dunia ikafurahi, wauza dawa wakafurahi zaidi. Lakini majaribio yaliporudiwa, hayakutoa matokeo yale, na kufikia 1950 wataalamu wa Marekani wakashauri jina hilo liachwe. Mtu anaweza kuishi bila flavonoidi, hivyo si vitamini.

Wazo la ukuta unaovuja halikufa, lilihamia tumboni. Na hapa historia inafika Makka.

Mwili ukipata joto kali hupeleka damu kwenye ngozi ili upoe, na utumbo hunyimwa sehemu yake. Seli za utando wa utumbo, zilizoshikana kama matofali ya ukuta, huanza kuachana. Sumu za bakteria wanaoishi humo hupenya na kuingia kwenye damu. Mwaka 1991 Abderrezak Bouchama na wenzake walichapisha vipimo vya wagonjwa waliopatwa na kiharusi cha joto huko Makka, wakaonesha kwamba damu yao ilikuwa na sumu hizo kwa wingi. Kumbe anayeanguka juani hachomwi na jua peke yake, hata tumbo lake limemgeuka. Tukikumbuka hija ya 2024, joto lilipopita nyuzi 50 na serikali ya Saudia ikatangaza vifo 1,301, tunaona kwa nini jambo hili si la maabara tu. Ni mama zetu wale.

Je, flavonoidi zinaweza kuushika ukuta huo? Katika seli zilizooteshwa maabara, kwasetini imeonekana kuimarisha viungo kati ya seli. Kwa kuku, ambao hawana jasho la kuwapoza, wafugaji na watafiti wamejaribu flavonoidi za mimea kwenye chakula, na utumbo mara nyingi umeonekana kuumia kidogo zaidi ya pale usipopewa kitu. Habari njema. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu waliofanya mazoezi kwenye joto kwa siku kadhaa ili mwili uzoee. Waliomeza kwasetini kwa dozi kubwa walikosa faida ile ya kuzoea, maana kwasetini huzuia protini za kinga ambazo seli hujitengenezea zikipata joto. Utumbo wao haukupata ulinzi uliotarajiwa.

Kwetu sisi hapo ndipo kidonge kinapoachana na sahani. Kitunguu kwenye kachumbari, komamanga, rozela iliyolowekwa, machungwa: vyote vina flavonoidi, kwa kiasi ambacho mabibi zetu wamekula miaka na miaka. Kidonge hukusanya kwa siku moja kile ambacho mlo hautoi kamwe. Biharusi mwenye dawa nyingine, au mwenye mimba changa, amuulize daktari kwanza.

Na akianguka mtu kwa joto, akaanza kuweweseka, mwili unawaka, msimtafutie juisi. Miaka ya 1980 mahujaji wa Makka walipozwa kwa kitanda maalumu kilichobuniwa na Mustafa Khogali na J. S. Weiner: maji ya kunyunyiza juu ya ngozi, na upepo juu yake. Nyumbani mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mloweshe, mpepeeni kwa feni au hata kwa kipepeo cha ukili, huku mmoja wenu anatafuta gari la hospitali.