Sinema na Mtambaji Wake

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palianzishwa kazi ya kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Fedha zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York, na waliousimamia mpango huo walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Mpaka kazi ilipokoma mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 juu ya safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, na mambo mengine ya namna hiyo. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, mbali na picha, ili filamu moja ipate kusema kwa lugha mbalimbali.

Mojawapo ilihusu akiba ya Posta. Vibarua wawili wapokea mshahara; mmoja aweka fedha zake Posta, mwenziwe azifukia nyumbani mwake, na mwizi aja kuzifukua. Hiyo ni hadithi ya mwerevu na mjinga, ambayo watoto wengi wamepata kuisikia kwa bibi zao katika sura nyingine. Nguvu yake imo katika kulinganisha: watu wawili waanza sawasawa, ili tofauti ya mwisho wao isiwe na sababu ila uamuzi mmoja tu. Lakini katika ngano mwerevu aghalabu ni sungura, mnyonge amshindaye mwenye nguvu kwa hila. Katika filamu hii mwerevu ni yule aliyefuata shauri la wakubwa.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, iliyodumu hata mwaka 1955. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya huko Nijeria. Yeye alishika kanuni kwamba filamu za Waafrika wa vijijini ziende polepole, kila picha idumu kitambo, mambo yafuatane bila ya kuruka mahali wala wakati, na hila za kamera ziepukwe. Kwa kuwa, ati, mtu asiyezoea kusoma hawezi kuunganisha vipande vya picha. Ilisimuliwa mara nyingi kwamba watu walioonyeshwa mbu aliyekuzwa walijibu kuwa kwao hakuna mbu wakubwa kama huyo. Haionekani kama yupo aliyeuliza iwapo wasemaji walikuwa wakifanya mzaha.

Kisa kingine kilipata sifa zaidi, kwani Marshall McLuhan alikitia katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya dakika tano hivi, ambamo mtu aondoa maji yaliyotuama, kwa mwendo wa polepole mno. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba mna kuku; walipoichunguza filamu, walimwona akiruka kwa kitambo kama sekunde moja pembeni mwa picha. Kisa hiki kilifanywa ushahidi juu ya macho ya wasiosoma. Lakini katika dakika zote tano, ni tukio gani lililokuwamo ila kuku yule? Mtu akiokota makopo na kumwaga maji, bila ya adui wala hatari wala jambo la kungojea, hana hadithi. Kuku aliyeshtuka anayo. Mtambaji akiona wasikilizaji wake wasinzia huirekebisha hadithi yake. Hapa walirekebishwa wasikilizaji.

Wala si kweli kwamba kuruka wakati ni jambo geni. Ngano ya Kiswahili huvuka miaka saba kwa neno moja, humwacha mfalme barazani ikaenda kumtazama maskini porini, kisha ikarudi, na hapana mtoto apoteaye njia. Kadhalika, katika miaka ya 1950 filamu ya Kihindi Awaara, iliyotolewa mwaka 1951, ilipendwa sana Unguja na Dar es Salaam. Filamu hiyo yaanzia mahakamani, yarudi nyuma miaka mingi kueleza jinsi jaji alivyomfukuza mkewe na jinsi mwanawe alivyovutwa na jambazi katika uhalifu, kisha yaingia katika ndoto ndefu ya moto na mawingu. Yote hayo kwa Kihindi, bila ya tafsiri ya Kiswahili chini ya picha. Kanuni za Sellers zimevunjwa humo karibu zote, na watu walitoka wakilia.

Itapingwa kwamba hao walikuwa watu wa mjini, waliozoea. Na ni kweli, kwani Unguja ilikuwa na Royal Cinema tangu mwaka 1921. Lakini mazoea ni kitu kipatikanacho kwa miezi michache. Kosa la kanuni zile ni kuyafanya mazoea kuwa maumbile.

Yafaa kukumbuka pia kwamba filamu za vijijini hazikusema peke yake. Kando ya gari alisimama mkalimani na kipaza sauti, naye ndiye aliyewaambia watu yule ni nani na kwa nini afanya hivyo. Kazi yake ilihesabiwa kuwa ya kusaidia tu. Lakini ulipofika wakati wa mikanda ya video, kazi hiyo ilijitokeza tena Dar es Salaam bila ya kuagizwa na serikali yoyote: Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akazungumza juu ya sauti za wenyewe, akaeleza, akaongeza yake pale alipoona pamepungua, na watu wakaitafuta sauti yake.